Kituo cha pili cha barua pepe: Tabora ikizimika, Kigoma ishike

Mwongozo huu ni wa fundi wa taasisi yenye makao makuu Tabora na tawi Kigoma, ambaye tayari ana klasta ya barua pepe inayofanya kazi: seva mbili chumba kimoja pale Tabora, moja ikianguka nyingine inadaka. Klasta hiyo inakukinga na kifo cha seva. Haikukingi na kifo cha chumba. Radi ikishuka kwenye mnara wa ofisi, mkongo ukikatwa na katapila la barabara, au umeme ukikatika siku mbili mfululizo, seva zote mbili zinalala pamoja.

Niseme mapema ninapoelekea. Kunakili barua kutoka Tabora kwenda Kigoma ni kazi ya siku chache, na programu za kuifanya zipo bure. Kinachowaumiza watu ni kuamua, simu zikiita kila upande, seva ya mji upi ndiyo yenye haki ya kupokea barua. Kwa hiyo usishangae kwamba sehemu ndefu kuliko zote huku chini inahusu uamuzi, na amri za kuandika kwenye skrini ni chache.

Mifano yangu ni ya Debian (mfumo endeshi) yenye Postfix, inayopokea na kutuma barua, na Cyrus IMAP, inayotunza masanduku, na kikoa cha kubuni `mfano.or.tz`. Kama mnatumia Microsoft Exchange, fikra ni ileile ila vifaa ni vingine: kuna DAG yake (kundi la seva zinazonakiliana masanduku), ambayo inataka safari ya kwenda na kurudi ya mtandao isizidi milisekunde 500, na seva shahidi ambayo ni vizuri ikae mahali pa tatu. Wenye Dovecot (programu nyingine ya kutunza masanduku) wawe macho: ule urudufishaji wa kujiendesha wa `replicator` umeondolewa kwenye toleo la 2.4 lililotoka mwaka 2025, kwa hiyo usijenge kituo kipya juu yake.

Hatua ya 1: Pata majibu mawili kutoka kwa uongozi, kwa maandishi

Swali la kwanza: tukikumbwa na janga, mnavumilia kupoteza barua za dakika ngapi? La pili: mnavumilia kukaa bila barua pepe saa ngapi?

Kila bosi atajibu "sifuri" kwa yote mawili. Mwoneshe bei, kisha muulize tena. Na mweleze jambo moja ambalo huwa linapunguza presha: barua zinazokuja kutoka nje hazipotei kwa sababu seva yenu imelala kwa saa tatu. Seva ya mtumaji huziweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni za SMTP (lugha ya seva kupelekeana barua) zinashauri ijaribu kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa, na Postfix yenyewe ina siku 5 kama mpangilio wa kawaida. Kinachouma kweli ni watumishi kushindwa kufungua barua zao za zamani: mkataba wa mwezi uliopita, orodha ya malipo, barua ya wizara. Hilo ndilo mnalijengea kituo cha pili.

Kwa taasisi nyingi za ukubwa wa kati, jibu la kweli ni dakika tano za barua na saa mbili za kusubiri. Saa mbili zinatosha binadamu kuamua. Kumbuka hilo tutakapofika hatua ya 8.

Hatua ya 2: Chumba cha Kigoma

Kwa nini Kigoma, na si jengo jingine hapohapo Tabora? Kwa sababu majengo mawili ya mji mmoja yanashiriki laini ya umeme, mkongo na wingu la mvua. Na kwa nini si seva ya kukodi ng'ambo? Mnaweza, ila kuna mambo mawili. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ya kwenda nje ikadorora nchi nzima. Siku kama hiyo Tabora na Kigoma bado zinaweza kuonana kwa ndani. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Sanduku la barua la afisa utumishi limejaa taarifa hizo.

Sasa chumba chenyewe. Kanuni ni kwamba chumba cha akiba hakuna anayekiangalia, kwa hiyo kila kitu kinachohitaji kuangaliwa kitaharibika kimyakimya. Anza na LUKU. Ofisi ya tawi inanunua umeme wa matumizi ya tawi: taa, feni, kompyuta nne, birika. Ukiongeza seva inayokula umeme usiku na mchana, uniti zilizokuwa zinamaliza mwezi zinaisha mapema, na kwa kawaida zinaisha Jumamosi jioni wakati hakuna mtu wa kuingiza tokeni. Omba mita ya peke yake kwa chumba cha seva, na kazi ya kuilisha mpe mtu wa fedha Tabora anayenunua kwa simu kila tarehe mosi. Tokeni bado itahitaji mtu wa kuiingiza, kwa hiyo mhudumu wa tawi awe na namba ya kupigiwa.

Tena, Kigoma ilikaa miaka mingi ikiwashwa na jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa. Kadiri gridi inavyoingia mkoani, hitilafu ya gridi nzima inaweza kuzima miji yote miwili kwa saa ileile. Betri na inveta Kigoma ziweze kubeba seva, rauta na swichi kwa saa nane angalau. Sola ni msaada mzuri, ila msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, usiitegemee peke yake.

Radi nayo ipewe heshima yake. Pima waya wa ardhi, usiamini kwamba upo kwa sababu unauona ukiingia ukutani. Kama intaneti inatoka kwenye antena juu ya paa, kipande cha mwisho kati ya antena na seva kipite kwenye waya wa fiba wa mita chache. Fiba haipitishi umeme, kwa hiyo radi ikishuka itaua kifaa cha bei ndogo na kuiacha seva.

Seva moja nzuri yenye diski mbili zinazoakisiana inatosha Kigoma. Klasta nzima ya pili jengeni tu kama mnategemea kuishi huko kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Laini kati ya miji

Piga hesabu kabla ya kununua. Tuseme watumishi 300, kila mmoja anapokea na kutuma barua 40 kwa siku, wastani wa KB 100 kila moja. Hiyo ni GB 1.2 kwa siku. Ukiigawa kwa saa nane za kazi unapata kama megabiti 0.33 kwa sekunde. Saa nne asubuhi, watu wanapotumiana viambatisho, zidisha kwa kumi: megabiti 3.3. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 inatosha kabisa kwa kazi ya kila siku. Haitoshi kwa kunakili mzigo wa mwanzo, hilo linakuja.

Kila mji uwe na njia mbili za kutoka, na hapa uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: "Laini yenu inapita juu ya mkongo wa nani?" Kampuni mbili zenye nembo tofauti zinaweza kuwa zimekodi nafasi kwenye waya uleule, na waya huo ukikatwa porini zote mbili zinaondoka.

Laini ya simu ya 4G inafaa kuwa njia ya pili ya kunakili, lakini haifai kuwa njia pekee ya Kigoma. Mara nyingi anwani ya IP unayopewa kwenye 4G mnaitumia wateja wengi kwa pamoja. Taneli (njia ya siri ya kuunganisha miji miwili juu ya intaneti) itapita, kwa kuwa Kigoma ndiyo inayoanza kupiga, ila dunia haitaweza kuifikia milango 25 (ya kupokea barua) na 993 (ya kuzisoma) siku mnayoihitaji. Kigoma lazima iwe na IP yake ya kudumu.

Taneli yenyewe ijengeni kwa WireGuard baina ya rauta na rauta. Msiiweke ndani ya seva za barua, ili klasta ya Tabora ikihamisha huduma kutoka seva moja kwenda nyingine taneli isijue wala isijali. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa Kigoma, fungua mlango wa UDP 51820 Tabora, na hakikisha saa za pande zote zinalingana kwa `chrony`. Logi za miji miwili zenye tofauti ya dakika saba zitakupotezea usiku mzima siku ya uchunguzi.

Hatua ya 4: Kinachonakiliwa, na kisichonakiliwa

Ndani ya Tabora seva zenu mbili pengine zinashirikiana diski kupitia DRBD (programu ya kuakisi diski juu ya mtandao). Usinyooshe DRBD hiyohiyo hadi Kigoma. Ukiitumia kwa itifaki C, kila andiko kwenye diski litasubiri jibu kutoka Kigoma, na watumishi wataona barua pepe imekuwa nzito bila kujua kwa nini. Hata ukitumia itifaki A isiyosubiri, mfumo wa faili ukiharibika Tabora unaharibika Kigoma vilevile. Nakili barua, usinakili diski. Cyrus inafanya hivyo: kila badiliko kwenye sanduku linaandikwa kwenye logi, na `sync_client` inalisukuma upande wa pili.

Pamoja na barua, Cyrus inapeleka folda, alama za kusomwa, vibali vya folda na vichujio vya Sieve. Haipeleki hivi:

- akaunti na nywila za watumishi. Kama ziko kwenye OpenLDAP (daftari la akaunti), tengeneza nakala yake Kigoma kwa `syncrepl`;
- faili za Postfix: orodha za majina mbadala, wapokeaji halali, njia za kupitisha barua;
- vyeti vya TLS (vya kusimba mawasiliano) na funguo za DKIM (za kutia saini barua zinazotoka);
- sheria za kichujio cha barua taka.

Vitu hivi vinne ndivyo vinavyoangusha vituo vingi vya akiba. Barua zote zipo, lakini hakuna anayeweza kuingia kwa sababu seva ya nywila iko Tabora, nayo imezimika.

Na jambo jingine la kumwambia bosi bila kuzunguka: Kigoma si hifadhi ya nakala rudufu. Mtumishi akifuta folda nzima kwa hasira, Kigoma inaifuta sekunde chache baadaye. Washa `expunge_mode: delayed` na `delete_mode: delayed` ili vilivyofutwa vikae siku kadhaa kabla ya kuondoka kabisa, na endelea na nakala zako za kila usiku kama zamani, mahali pasipofikiwa na seva yoyote kati ya hizi.

Hatua ya 5: Ifunge seva ya Kigoma ukiwa Tabora

Chukulia mna GB 600 za barua. Kwa laini ya megabiti 10 iliyojaa muda wote, ni saa 133, yaani siku tano na nusu, kama haikatiki hata mara moja. Usijaribu. Iweke seva ya Kigoma kwenye swichi ileile na klasta ya Tabora, inakili kwa waya, halafu isafirishe.

Diski zifunge kwa LUKS (usimbaji wa diski nzima) tangu mwanzo, maana zitasafiri na barua za watu wote. Kisha kwenye seva ya Kigoma, ndani ya `/etc/cyrus.conf`, sehemu ya SERVICES:

`syncserver cmd="sync_server" listen="10.20.2.10:2005"`

Na kwenye `/etc/imapd.conf` yake, mtumiaji wa kunakili awe miongoni mwa `admins`. Majina ya `partition-default` na mipangilio ya `virtdomains`, `altnamespace` na `unixhierarchysep` yafanane herufi kwa herufi na ya Tabora.

Upande wa Tabora, `/etc/imapd.conf`:

`sync_log: 1`
`sync_host: 10.20.2.10`
`sync_port: 2005`
`sync_authname: mnakili`
`sync_password: ...`

Saraka ya `/var/lib/cyrus` lazima iwe kwenye ile diski ya pamoja ya klasta, kwa sababu logi ya kunakili inakaa humo. Huduma ikihamia seva ya pili, logi iende nayo. Sasa sukuma mzigo wa mwanzo:

`sudo -u cyrus /usr/lib/cyrus/bin/sync_client -v -A`

Ikikataa kuingia, sababu ya kawaida ni kwamba Cyrus haipokei nywila isiyosimbwa. Weka cheti, au, kwa kuwa mtapita ndani ya WireGuard, ruhusu kwa huduma hiyo peke yake kwa mstari `syncserver_allowplaintext: yes` kwenye seva ya Kigoma. Wakati bado mko kwenye swichi ya Tabora, bora cheti.

Faili ndogondogo ni nyingi, kwa hiyo hata kwa waya wa gigabiti tegemea usiku mzima au zaidi. Ikimaliza, rudia amri ileile. Safari ya pili itakuwa fupi sana kwa sababu inapeleka tofauti tu. Ndipo uongeze kwenye sehemu ya DAEMON ya `cyrus.conf` ya Tabora:

`syncclient cmd="/usr/lib/cyrus/bin/sync_client -r"`

Kuanzia hapo kunakili kunaendelea bila kusimama.

Hatua ya 6: Safari

Iwe treni au gari la kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, diski zitolewe kwenye seva, ziandikwe namba ya nafasi zake, zifungwe kwa sponji na zibebwe mkononi. Seva yenyewe isiende buti pamoja na magunia. Nywila ya LUKS isisafiri na diski. Itumwe kwa simu mtu akishafika.

Kigoma, badilisha njia za mtandao, washa taneli kwanza na Cyrus baadaye, na tazama mabadiliko ya siku za safari yakiingia. Kama logi ya Tabora ilikuwa kubwa mno, endesha `-A` mara moja tena.

Hatua ya 7: DNS na sifa ya IP

Rekodi za MX kwenye DNS (daftari la majina ya intaneti), zinazotaja seva za kupokea barua, zikae hivi muda wote, bila kubadilishwa siku ya janga:

`mfano.or.tz. MX 10 tbr.mfano.or.tz.`
`mfano.or.tz. MX 20 kgm.mfano.or.tz.`

Namba ndogo hutangulia. Tabora ikiwa hai, barua chache zinazoangukia Kigoma zinapitishwa kwenye taneli kwenda Tabora kwa mstari mmoja wa `transport_maps`. Watuma barua taka wanapenda kugonga MX ya pili wakiamini haina mlinzi, kwa hiyo Kigoma iwe na kichujio kilekile na orodha kamili ya `relay_recipient_maps`. Bila orodha hiyo Kigoma itapokea barua za watu wasiokuwepo, Tabora itazikataa, na seva yenu itaanza kurudisha taarifa za kukataliwa kwa watu wasiohusika. IP inaingia kwenye orodha nyeusi kwa njia hiyo.

Watumishi wasiunganishe simu zao na `tbr` wala `kgm`. Wapewe jina la tatu, `barua.mfano.or.tz`, lenye TTL (muda ambao jibu la DNS hukumbukwa) ya sekunde 300. Hilo ndilo pekee mtakalohamisha.

Kwa barua zinazotoka, SPF (orodha ya IP zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu) itaje IP za miji yote miwili, kampuni ya intaneti iweke rekodi ya PTR (inayotaja jina la IP) kwa IP ya Kigoma, na Kigoma iwe na ufunguo wake wa DKIM wenye jina lake. Tangu Februari 2024 Google inadai angalau SPF au DKIM na PTR sahihi hata kwa mtumaji mdogo. IP ambayo haijawahi kutuma barua inatiliwa shaka, kwa hiyo taarifa za kawaida za tawi zitoke kupitia Kigoma kila wiki, ili ijulikane.

Vyeti vya Let's Encrypt ni vya muda mfupi, na Kigoma haiwezi kuvihuisha kwa njia ya wavuti kwa sababu jina `barua` linaelekea Tabora. Tumia uthibitisho wa DNS.

Halafu mtego ambao nimeukuta kwenye zaidi ya ofisi moja: akaunti ya kusimamia kikoa imesajiliwa kwa anwani ya `fundi@` wa kikoa kilekile. Siku seva ikizimika, unataka kubadilisha DNS, mfumo unakutumia namba ya uthibitisho kwenye sanduku lililo ndani ya seva iliyozimika. Sajili anwani ya nje. Na seva za DNS zenyewe zisikae jengo la Tabora.

Hatua ya 8: Nani ana haki ya kuwa mkuu

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hatari kubwa kuliko kuzimika ni seva za miji miwili kujiona wakuu kwa wakati mmoja: nusu ya watumishi wanaandika Tabora, nusu Kigoma, na barua zile ni tofauti. Kuziunganisha baadaye ni kazi ya wiki, tena kwa mkono.

Tatizo ni kwamba Kigoma, ikikaa peke yake, haiwezi kujua tofauti kati ya "Tabora imekufa" na "waya wa kati umekatika". Zote mbili zinaonekana ni ukimya. Ndiyo maana panahitajika jicho la tatu, yaani seva shahidi: seva ndogo ya kukodi Dar es Salaam au Dodoma, isiyo na barua hata moja, inayotazama miji yote miwili. Kura mbili kati ya tatu ndizo zinazoamua.

Mnaweza kuukabidhi uamuzi huu kwa programu. Pacemaker, programu inayoendesha huduma za klasta, ina mwenzake aitwaye Booth, ambaye hugawa tiketi: mji wenye tiketi ndio unaotoa huduma, na tiketi isipohuishwa ndani ya sekunde 600 za kawaida inakufa, mji ulioishika unazima huduma zake wenyewe, na mwingine unaichukua. Usinyooshe Corosync, inayounganisha seva za klasta, baina ya miji. Imetengenezwa kwa mtandao wa karibu na itababaika kila laini ikichechemea.

Ushauri wangu, kama mko chini ya watumishi elfu moja na laini zenu zinakatika mara kwa mara: anzeni na binadamu. Laini mbovu itaifanya Booth ihamishe huduma Jumatatu asubuhi na kuirudisha mchana, na kila kuhama kuna hatari yake. Saa mbili mlizokubaliana na uongozi zinatosha kwa utaratibu huu:

Wenye haki ya kutangaza kuhama wawe watatu, kwa majina, na wawili kati yao wakubaliane. Mmoja asiwe fundi. Orodha yao na namba zao zibandikwe ukutani vyumba vyote viwili, kwenye karatasi.

Kabla ya kutangaza, seva shahidi iseme haiioni Tabora, na mtu aliyesimama Tabora athibitishe. Kisha Tabora izimwe kweli, hata kama inaonekana imekufa. Klasta za vitabuni zina kifaa cha kukata umeme wa seva kwa mbali. Ofisi nyingi zina mlinzi.

"Shikamoo mzee. Naomba uingie chumba cha seva, ushushe ile swichi nyekundu kushoto kwa mlango."

"Marahaba. Nimeshusha. Taa zote zimezimika."

"Hata ile ya kijani chini kabisa?"

"Hiyo bado inawaka."

Ile ya kijani ni ya UPS. Kwa hiyo andika kwenye mlango namna ya kuzima UPS pia, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na fanya mazoezi na walinzi wa zamu zote.

Kinga ya mwisho: pande zote mbili zisiwashe huduma zenyewe baada ya umeme kurudi. Tabora, `systemctl disable corosync pacemaker`. Kigoma, Postfix na Cyrus ziamke na sura ya akiba tu. Mtaudhika kidogo kila seva moja ikiwashwa upya, kwa sababu itasubiri mtu aiunganishe na klasta. Vumilieni. Umeme wa Tabora ukirudi saa nane usiku na klasta ikaamka yenyewe ikijiona mkuu, mtakuwa mmeshaingia kwenye lile zizi.

Hatua ya 9: Kujua kama Kigoma iko nyuma

Kila dakika kumi, tuma barua ya majaribio kwenye sanduku maalumu Tabora na uangalie kama imetokea Kigoma. Pima pia umri wa faili ndani ya `/var/lib/cyrus/sync`. Faili la `log-` lililokaa saa nzima maana yake `sync_client` ilikufa njiani. Lisukume kwa `sync_client -r -f` na jina la faili hilo, kisha tafuta sababu.

Tahadhari itumwe kwa SMS. Mfumo wa barua pepe hauwezi kutangaza msiba wake kwa barua pepe.

Hatua ya 10: Kuhamia Kigoma

Weka kila kitu kwenye hati moja ya amri, `kuwa-mkuu.sh`, ambayo kabla ya kuanza inamdai fundi aandike kwa mkono TABORA IMEZIMWA. Ndani yake:

1. Andika kwenye faili muda wa barua ya mwisho iliyonakiliwa. Utauhitaji sana wakati wa kurudi.
2. Badilisha `cyrus.conf` na `imapd.conf` za akiba kwa zile za mkuu: IMAP (ya watumishi kusoma barua) na LMTP (ya Postfix kuingiza barua kwenye masanduku) wazi, `syncserver` imefungwa, `sync_log: 1`.
3. Badilisha `transport` ya Postfix ili barua ziingie kwenye masanduku ya hapa badala ya kwenda Tabora, kisha `postmap`, kisha `postfix reload`.
4. `postqueue -f`, zile zilizokuwa zikisubiri foleni ziingie.
5. Hamisha `barua.mfano.or.tz` kwenda IP ya Kigoma.

Watangazie watumishi kwenye kundi la WhatsApp, na waambie kwamba barua za dakika chache za mwisho kabla ya kuzimika zinaweza zisionekane kwa sasa. Wasitume upya mikataba kwa hofu.

Fanyeni zoezi hili lote kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi, mbali na tarehe za mishahara, na fundi mkuu akae pembeni bila kugusa kibodi. Atakayehama siku ya kweli huenda ni kijana wa tawi la Kigoma akiwa peke yake.

Hatua ya 11: Kurudi Tabora

Hapa msiharakishe, Kigoma inafanya kazi, hakuna moto. Tabora ikishapata umeme, kabla ya kuwasha huduma yoyote, chukua nakala ya diski ya barua kama ilivyokuwa ilipoanguka. Ndani yake kuna barua zilizofika Tabora lakini hazikuwahi kwenda Kigoma. Tumia ule muda ulioandikwa kwenye faili: tafuta kwa `find` faili zote za barua zilizoingia baada yake, na uzipeleke Kigoma kwa kuzipitisha upya LMTP. Foleni ya Postfix ya Tabora itazame kwa `postqueue -p` kabla ya kuiachia. Barua ya kuita kikao cha juzi ni bora ifutwe.

Baada ya hapo Tabora ivae sura ya akiba, na Kigoma ndiyo iisukumie mabadiliko kwa `sync_client -A`, kisha `-r`. Iache hivyo siku mbili tatu mkilinganisha idadi ya barua kwenye masanduku kumi ya kuchagua. Mkiridhika, Jumapili usiku funga IMAP Kigoma, subiri logi iishe kabisa, endesha `kuwa-mkuu.sh` ya Tabora, rudisha jina la `barua`, na ugeuze mwelekeo wa kunakili.

Asubuhi yake, kabla watu hawajaingia kazini, angalia mambo mawili: kwamba nakala za kila usiku zinachukuliwa tena kutoka Tabora na si Kigoma, na kwamba kule Kigoma Postfix imerudi kwenye `transport` ya akiba. Ikisahaulika hiyo ya pili, barua zinazoangukia MX 20 zitaingia kwenye masanduku ya Kigoma ambayo hakuna anayeyafungua, na malalamiko ya kwanza yatafika wiki moja baadaye.